Kuliwasha Gari la Nitro Bila Kulivua Bodi

Swali lililonifanya niandike makala haya liliulizwa na mpwa wangu wa miaka tisa, asubuhi moja ya Julai, tukiwa tumepiga magoti katika uwanja wa kuegesha magari mtaani kwetu Buruburu, Nairobi, kabla majirani hawajatoka kwenda ibadani. Alikuwa amenitazama nikichomoa zile pini nne za gari langu dogo la rimoti, nikiinua bodi na kuilaza juu ya gazeti, nikiliwasha gari, kisha nikihangaika kuirudisha bodi juu ya injini iliyokuwa tayari inanguruma. “Mjomba,” akasema, “kwani haliwezi kuwaka likiwa limevaa?” Nilimjibu kwamba ndivyo tunavyofanya siku zote, na maneno hayo yaliponitoka nikatambua kwamba sikuwa nimemjibu chochote.

Gari lenyewe ni la kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, nalo linaendeshwa kwa injini ya mipigo miwili yenye ujazo wa sentimita 2.5 za mchemraba, ambayo watengenezaji huiandika .15 kwa kuwa wao huhesabu kwa inchi. Bodi yake ni ganda jembamba la polikaboneti lililopakwa rangi kwa ndani, kwa sababu mafuta ya nitro, yaani mchanganyiko wa methanoli na nitromethani, huyeyusha rangi nyingi za kawaida yakidondoka juu yake. Nilichagua umbo la Subaru Impreza ya buluu, kwa heshima ya ile aliyoshindia Colin McRae Safari Rally ya mwaka 1997, ambayo mimi niliitazama nikiwa mvulana kando ya barabara, nikila vumbi kwa hiari yangu.

Ukweli ni kwamba nilipaswa kujiuliza swali hilo la mpwa wangu miaka miwili mapema, siku nilipokuwa katika kiwanja kimoja cha murami upande wa Syokimau. Injini ilikuwa imewaka, nami nilikuwa ninaishusha bodi taratibu nikilenga vile vijiti vinne vinavyoibeba, wakati ukingo wake ulipokigusa kile kijiti chembamba kinachofungua kabureta. Klachi ya magari haya hushika yenyewe injini inapoongeza mwendo, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yalinirushia kokoto usoni, gari likaondoka uchi kuelekea mtaroni, na mimi nikabaki nimeishika bodi mikononi kama mtu aliyeachiwa koti na mgeni aliyetoroka. Kifundo cha mkono wangu kiligusa bomba la moshi katika purukushani hiyo, na alama yake ingali pale ambapo mkanda wa saa hukaa.

Kwa hiyo niliamua kwamba gari litawashwa, litajazwa mafuta, litapimwa joto na kuzimwa likiwa limevaa bodi, na kwamba pini hazitachomolewa ila kwa matengenezo. Uamuzi huo ulinigharimu mwezi mzima wa majaribio, kwa sababu bodi hiyo haifuniki injini peke yake. Inafunika pia kila kitu ambacho jicho na kidole vilizoea kukitegemea.

Wasomaji wasioijua injini hii wanapaswa kufahamu kwamba haina cheche. Plagi yake ina waya mdogo uliosokotwa kama springi, wenye platini, ambao hupata moto ukiunganishwa na betri ndogo ya volti 1.2 au 1.5. Mvuke wa methanoli unapokutana na platini yenye moto, yenyewe huchochea uunguaji, na baada ya injini kuwaka joto la kila mlipuko pamoja na kazi hiyo ya platini huufanya waya uendelee kuwa mwekundu bila msaada wa betri. Mmarekani Ray Arden ndiye aliyeanza kuziuza plagi za namna hii mnamo 1947, na kimsingi hazijabadilika sana tangu wakati huo. Jambo la kuzingatia ni kwamba betri lazima iifikie plagi kwa sekunde chache za mwanzo, na plagi imekaa utosini mwa injini, chini kabisa ya kile kichwa chenye mapezi ya kupozea, mahali ambapo bodi hupafunika kwa ukamilifu.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo rahisi, ni kutoboa tundu katika bodi juu ya plagi na kupenyeza kile kishikio kirefu chenye betri ndani yake. Waendeshaji wengi wa magari makubwa ya kipimo cha 1/8 hufanya hivyo, nao huliweka gari juu ya sanduku la kuwashia lenye mota ya volti 12, ambayo gurudumu lake la mpira huizungusha injini kutoka chini kupitia mwanya ulio kwenye sakafu ya gari, wasihitaji kuigusa bodi hata kidogo. Sakafu ya gari langu haina mwanya huo. Lina kamba ya kuvuta, na kamba ina tabia zake, nitakazozieleza baadaye.

Kuhusu kulipata tundu mahali pake, nilijifunza kwamba kupima kwa rula ni kujidanganya, kwa kuwa bodi imepinda kila upande. Nilichofanya ni kuazima rangi ya mdomo ya mke wangu, nikaipaka kidogo kwenye ncha ya kichwa cha injini, nikaishusha bodi hadi ikaikalia vizuri mihimili yake, na nilipoiinua nilikuta doa jekundu ndani yake likinionyesha pa kutoboa. Mtu asikate pembe kali, kwa maana polikaboneti huanza kupasuka penye pembe, na ufa ukishaanza hausimami hadi ufike ukingoni. Tundu liwe la mviringo, na kama linahitaji kuwa refu, miisho yake iwe ya mviringo vilevile.

Njia ya pili ndiyo niliyoipenda zaidi: kuacha kishikizo kidogo kikiwa kimefungwa kwenye plagi muda wote, na kukiunganisha kwa waya na soketi iliyobanwa kwenye dirisha la nyuma, ili betri ichomekwe pale kwa nje. Vifaa hivyo huuzwa vikiwa tayari, lakini nilitaka kujitengenezea, nikaenda Luthuli Avenue kununua soketi, na waya nikautoa katika chaja ya simu iliyokufa. Gari lilikataa kuwaka kwa siku mbili. Nilibadilisha plagi, nikasafisha kabureta, nikayalaumu mafuta, na hata nikaanza kuilaumu hali ya hewa, kabla ya kuifungua plagi na kuitazama ikiunganishwa kwa waya wangu: ilikuwa imewiva rangi ya kahawia tu, mithili ya kaa linalozimika. Plagi hula umeme wa takriban ampea 3, na waya mwembamba unaopitisha ampea 3 unahitaji kuwa na ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya omu ili ule volti 0.3 njiani, ambayo ni robo nzima ya volti 1.2. Nilipouweka waya mnene wa shaba, unaokaribia unene wa waya wa spika za matatu, plagi iliiva rangi ya chungwa angavu mara moja.

Tundu la mafuta halikunisumbua sana, kwani kifuniko cha tanki kina pete ya kukivutia juu na chupa ya kujazia ina mdomo uliopinda. Kilichonisumbua ni kule kuyaleta mafuta kwenye kabureta kabla ya kuvuta kamba. Bodi inapokuwa nje, mtu huliziba bomba la moshi kwa kidole, huvuta kamba mara mbili tatu, na kutazama mafuta yakitambaa ndani ya mrija wa silikoni hadi yafike, yakifika, huacha. Bodi inapokuwa juu, mrija hauonekani, na anayekisia huishia kuijaza injini mafuta. Suluhisho langu lilikuwa bodi mpya ambayo vioo vya madirisha ya upande wa kushoto nilivifunika kwa karatasi ya gundi nisivipake rangi, hivi kwamba nikiinama naweza kuuona mrija kupitia dirisha la dereva. Mpwa wangu husema kwamba hapo ndipo dereva anapochungulia kipimo cha mafuta.

Hapa sina budi kusimama kidogo kuhusu mafuta yenyewe. Ninayotumia yana nitromethani asilimia 16 na mafuta ya kulainisha ambayo sehemu yake ni ya nyonyo, na yaliyobaki ni methanoli. Wakenya hatuhitaji kuelezwa sana kuhusu methanoli, kwa kuwa mwaka 2014 pombe iliyochanganywa nayo iliua makumi ya watu nchini na kuwapofusha wengine, na kwa sababu hiyo chupa yangu hukaa kwenye kabati lenye kufuli na kamwe siyamimini katika chupa ya soda. Hatari yake nyingine inahusiana moja kwa moja na bodi. Methanoli huungua kwa mwali hafifu ambao juani karibu hauonekani kabisa, na tone lililomwagika wakati wa kujaza tanki hutiririka chini ya bodi, karibu na bomba lenye moto, mahali ambapo jicho halifiki. Bodi ikiwa nje ungehisi. Bodi ikiwa juu utajua pale paa litakapoanza kunyauka. Kwa hiyo mimi hujaza tanki injini ikiwa imezimwa, hufuta ukingo wa tundu kwa kitambaa, huweka ndoo ya maji karibu, maana methanoli huchanganyika na maji na moto wake hukubali kuzimwa nayo, na hupitisha kiganja juu ya paa kuhisi joto kabla ya kuliachia gari.

Sasa kamba. Ni fupi kuliko wengi wanavyodhani, na anayeivuta kama mtu anayewasha jenereta ataivuta mara moja tu, halafu atatumia alasiri nzima akiirudisha springi ndani ya kikombe chake. Mivuto inayofaa ni mifupi na ya haraka, isiyozidi sentimita thelathini hivi, kisha mkono unaiachia irudi taratibu. Kishikio nilikipitisha katika dirisha la nyuma upande wa kulia. Tatizo lilikuwa mkono wa pili: zamani niliubana mgongo wa gari kwa kiganja, lakini ukilibana paa la polikaboneti hivyo hubonyea, na bodi yangu ya kwanza ina mkunjo wa kudumu unaothibitisha jambo hilo. Siku hizi huweka kigogo cha mbao chini ya sakafu ili magurudumu ya nyuma yaelee, kisha huikanyaga bampa ya sponji ya mbele kwa ncha ya kiatu. Si mkao wa kupendeza, ila mikono yote miwili hubaki huru, na injini ikiamka kwa kishindo gari haliendi popote.

Julai huleta jambo lake. Silinda za injini hizi hazina ringi za pistoni. Zimechongwa zikiwa nyembamba kidogo upande wa juu, hivyo pistoni hubana inapofika kileleni, na kubana huko huzidi chuma kinapokuwa baridi. Asubuhi ya nyuzi 12 za Nairobi inatosha kuifanya kamba iwe nzito kama inayovuta ndoo kisimani. Mimi huipasha injini moto kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika tatu au nne kupitia tundu la kichwa, na katika hili bodi hunisaidia, kwa kuwa hewa ya moto hukusanyika chini yake kama ndani ya sufuria iliyofunikwa. Zamani joto hilo lote lilipotelea hewani.

Lakini bodi inayohifadhi joto wakati wa kuwasha huendelea kulihifadhi wakati wa kukimbia, na hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye gari la nitro alitafakari. Wengi wetu hurekebisha kabureta bodi ikiwa nje, kwa sababu ndivyo sindano, yaani zile skrubu zinazopima mafuta yanayoingia, zinavyofikika kwa bisibisi, halafu tunaifunika injini na kushangaa inapozima baada ya tanki moja. Nilipata kipimajoto cha kuelekezea mbali, na kabla msomaji hajakumbuka vile tulivyoelekezewa paji la uso milangoni mwa maduka mwaka 2020, nimjulishe kwamba hivyo haviwezi kazi hii, kwani vimetengenezwa kwa homa na si kwa chuma. Kinachotakiwa ni cha mafundi. Nilikilenga kwenye plagi kupitia tundu lile lile la rangi ya mdomo. Bodi ikiwa nje, baada ya mizunguko kumi, kilisoma nyuzi 98. Bodi ikiwa juu, kwa mizunguko ileile na sindano zisizoguswa, kilisoma nyuzi 117. Nililazimika kukata kioo cha mbele ili hewa iingie na sehemu ya kioo cha nyuma ili itoke, kwa maana hewa isiyo na pa kutokea haiingii, na joto likashuka hadi nyuzi 108. Hapo ndipo nilipoanza kurekebisha sindano, bodi ikiwa mahali pake, kwa bisibisi ndefu iliyopita katika tundu dogo la boneti.

Urekebishaji huo nao una hesabu zake za Nairobi. Tuko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, ambapo shinikizo la hewa ni takriban asilimia 82 ya lile la pwani, na injini inayopata hewa kidogo inahitaji mafuta kidogo. Petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ili iungue kikamilifu. Methanoli huridhika na kilo 6.4 hivi, na nitromethani kilo 1.7 tu, kwa kuwa ina oksijeni ndani yake. Ndiyo maana injini ndogo hivi hunywa kama mtu aliyetoka kuvuna miwa, na ndiyo maana kosa dogo la sindano huonekana upesi. Maelezo ya kiwandani huandikwa kwa ajili ya watu walio karibu na usawa wa bahari, na anayeyafuata hapa hupata injini yenye moshi mwingi na uvivu, isiyotaka kuwaka mara ya pili. Hata hivyo, kosa la upande wa pili ndilo la hatari zaidi. Nililipeleka gari Mombasa Desemba moja likiwa na marekebisho ya Nairobi, na katika dakika mbili za kwanza lilikimbia kuliko lilivyowahi kukimbia, nikajisifu, hadi nilipoona kwamba halina moshi kabisa. Hewa nzito ya pwani ilikuwa imeyashinda mafuta niliyoiruhusu, na pamoja na moshi ulikuwa umepungua ulainishaji wa injini. Nilifungua sindano kubwa robo mzunguko palepale, na pistoni ikasalimika.

Yapo mambo ambayo bado yanalazimu bodi ivuliwe. Kamba ikikataa ghafla, kana kwamba imefungwa mwambani, maana yake mafuta yamejaa juu ya pistoni, na majimaji hayabanwi. Anayelazimisha atakata kamba au kupinda mkono wa pistoni. Huna njia ila kuchomoa pini, kutoa plagi, kulipindua gari na kuvuta mara kadhaa hadi yatoke yote. Hali kadhalika kila jioni, tanki likishamwagwa, hudondosha mafuta mepesi ya kuhifadhi injini kupitia kabureta, kwa sababu methanoli hunyonya unyevu na mabaki yake huzitia beringi kutu. Kulizima gari, kwa upande mwingine, hakuhitaji kulivua: ncha ya bomba la moshi inachomoza nje ya bodi, nami huiziba kwa kisigino cha kiatu.

Jumapili iliyopita nilimwachia mpwa wangu kazi nzima. Aliwasha rimoti kwanza na gari baadaye, kama nilivyomfundisha, ili gari lisiamke bila bwana. Alichungulia dirisha la dereva hadi mafuta yalipofika, akachomeka betri nyuma, akaikanyaga bampa, akavuta. Mvuto wa tatu uliitikia. Tulihesabu hadi kumi, akachomoa betri, na injini ikaendelea kunguruma peke yake, moshi mweupe wenye harufu ya nyonyo ukitoka kwa pamoja katika kioo cha mbele, kioo cha nyuma na tundu la boneti.

Askari wa lango alitujia mbio na birika lake la chai mkononi. “Kijana! Gari lenu linawaka!”

“Ndiyo, babu,” mpwa wangu akamjibu kwa fahari. “Limewaka mvuto wa tatu.”

Nilipitisha kiganja juu ya paa, nikakuta joto la kawaida tu, nikaondoa kigogo.